Mkwe Mwenye Gari

Isaiah alikuwa na gari. Hilo halina ubishi, maana gari lenyewe lilikuwa pale chini ya ghorofa yao huko Mountain View, Nairobi, Toyota ya rangi ya fedha, limefunikwa turubai safi. Kila Jumamosi alilifunua, akaliosha, akalipaka nta, akawasha injini na kuisikiliza huku ametega sikio kama fundi. Kisha aliizima akarudi ndani kunywa chai. Kuliendesha? Wee! Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe.

Mkewe, Ivyne, alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Parklands, na aliendesha gari vile watu wengine wanavyopiga pasi, bila kulifikiria sana. Isaiah alikaa kiti cha kushoto akikanyaga breki ambayo haikuwepo. Leseni alikuwa nayo. Aliipata ukubwani, akikaribia miaka arobaini, na siku ya mtihani alisimama mbele ya ule ubao wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea, akamjibu afisa kila swali bila kugugumia. Shida ni kwamba kwenye ubao hakuna lori. Siku ya kwanza alipoingia barabara kuu ya Waiyaki Way, lori lilimpigia honi kutoka nyuma, naye akasimama. Alisimama katikati ya barabara, mikono imegandia usukani, mpaka Ivyne akashuka, akazunguka upande wake na kumwambia kwa upole, "Isaiah, sogea."

Akasogea, na hakurudi tena pale.

Kazi yake haikumsaidia hata kidogo. Alikuwa katika ofisi ya bima mjini, dawati la madai ya ajali, na kutwa nzima alitazama picha za magari yaliyobondeka. Alijua gari linavyokuwa likigongwa ubavuni, na linavyokuwa likiingia chini ya trela. Wenzake walizoea, wakala chapati huku wakizipanga picha hizo. Yeye alizipeleka nyumbani kichwani, na asubuhi akapanda basi kwenda kazini, akisema maegesho ya mjini ni taabu tupu.

Sasa, kuogopa si dhambi. Kosa la Isaiah ni kwamba aliogopa, halafu akataka aonekane haogopi. Kila Desemba walipokwenda kwa kina Ivyne, Vihiga, Ivyne ndiye aliyeendesha safari nzima, milima na mabonde, malori na ukungu. Lakini wakifika petroli stesheni ya Chavakali, gari lilisimama, wawili hao wakashuka na kubadilishana viti upesi upesi kama wezi. Kile kipande kilichobaki, cha barabara ya udongo isiyo na mtu ila ng'ombe, kilikuwa cha Isaiah. Aliingia uani polepole, pii pii, kiwiko dirishani. Mama yake Ivyne alisimama mlangoni kwa jikoni akipiga vigelegele. Jumapili yake alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mkwe aliyemleta binti yake salama kutoka Nairobi, na Isaiah akaitikia amina.

Huyu mama, watu wote walimwita Mama Ochola, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Inafaa mtu aelewe jambo moja kumhusu. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mama halali chini ya paa la binti yake aliyeolewa. Wengi wa mjini wameshaachana na hayo. Mama Ochola hakuwa mtu wa kuacha kitu. Isaiah naye ni Mbukusu, na kwao ni vilevile au kuzidi, kwa hiyo wawili hao walielewana vizuri sana kwa kutotazamana. Wakiwa na neno, walilipitisha kwa Ivyne. Ivyne asipokuwepo, mmoja aliongea na ukuta na mwingine akasikia.

Basi nyonga ya Mama Ochola ikaharibika. Alianza kwa kuchechemea, akaja akatembea kwa fimbo, na mwishowe hata kanisani akawa hafiki. Ivyne alihangaika mwaka mzima mpaka akampatia nafasi ya upasuaji katika hospitali moja ya Upper Hill. Aliambiwa wazi: mgonjwa afike Jumanne asubuhi. Asipofika, kitanda anapewa mwingine, naye anaanza kungoja upya. Mama akaletwa Nairobi, akafikia Uthiru kwa Ochola, kwa sababu kwa binti yake hakulaliki. Mpango ulikuwa Ivyne atoke zamu ya usiku, arudi nyumbani kumchukua Isaiah na gari, wabadilishane viti karibu na kwa Ochola kama kawaida yao, na Mama aone mkwe wake amekuja kumchukua.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Isaiah alikuwa amevaa koti, anangoja, simu ikalia.

"Sitoki," Ivyne alisema. "Ngina wa kunipokea zamu hajafika, barabara imefurika huko kwao. Na nina kina mama wawili hapa wako karibu kujifungua."

"Sasa?"

"Sasa itisha teksi."

Akaitisha kwa simu. Ya kwanza ikakubali, kisha ikakataa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilizungukazunguka kwenye ramani kama kuku aliyepotea, halafu ikatoweka. Mvua ya Nairobi ikishanyesha, madereva wa simu huwaoni tena. Ochola naye alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Machakos wiki nzima. Isaiah akampigia Ajwang, mke wa Ochola, apate kusema kwamba kuna matatizo kidogo, na kabla hajamaliza salamu akasikia sauti ya Mama kwa nyuma: "Mwambie mwenye gari asiwe na haraka. Mvua ni nyingi, lakini yeye ni dereva mzuri."

Akampigia Ivyne tena.

"Mimi siwezi," alisema. "Unajua siwezi."

Nyuma ya Ivyne mtu alikuwa analia kwa uchungu wa kuzaa. "Isaiah, siwezi kumwacha mtu hapa azae peke yake. Mama akikosa kitanda leo, amekikosa. Amua wewe." Akakata simu.

Alishuka ngazi. Alitoa turubai, akalikunja vizuri kuliko ilivyohitajika, akaingia na kukaa. Aliogopa kabisa, hakuna namna nyingine ya kusema, akaogopa mpaka meno yakawa yanagongana huku hakuna baridi ya kufanya hivyo. Akawasha. Akaondoka. Kutoka Mountain View hadi Uthiru si mbali, na alipita barabara ya kando, ile ya wenda polepole, hata mkokoteni wa mitungi ya maji ukampita na mwenye mkokoteni akageuka kumtazama. Lakini alifika, na alipofika shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Ajwang alimleta Mama chini ya mwavuli, akamweka kiti cha nyuma upande wa kushoto, na beseni, leso na flaski pembeni yake. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha kwenda kanisani. Hakusalimu, aliliambia beseni kwamba anashukuru kwa kuja. Isaiah akauambia usukani kwamba hakuna taabu. Na hapo, kwa heshima, akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha udereva: alinyoosha mkono akakigeuza kile kioo cha juu, cha kuonyesha nyuma, kikaelekea paa. Kama angekiacha, macho yao yangekutana njia nzima. Angalifanya nini? Ndivyo alivyolelewa.

Ajwang akabaki na watoto. Gari likaingia Waiyaki Way.

Walipita Kangemi salama. Isaiah alishika leni ya kulia kwa sababu ya kushoto ilijaa mabasi yanayosimama popote, na hakuthubutu kuiacha. "Watu wa Nairobi siku hizi wanaendesha polepole," Mama aliliambia dirisha. "Ni vizuri." Isaiah alikuwa anatazama mbele, ambako ile barabara ya juu, ya nguzo, inaanza kupanda katikati. Leni yake ndiyo iliyokuwa inakwenda kupanda. Ya chini, ya kwenda mjini, ilikuwa kushoto. Akaweka indiketa, akatazama kioo cha juu, akaona paa. Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa matone. Akajiambia pengine hakuna mtu, akakata kushoto.

Honi iliyolia pale haikuwa honi, ilikuwa radi. Lori lilipita karibu mno hata gari likayumba, na maji yakamwagika juu ya kioo yakaziba kila kitu. Isaiah alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wakasimama mshazari, pua huku, mkia kule, na nyuma yao Nairobi nzima ikaanza kupiga kelele.

Mikono ikaganda, sawasawa na ile siku nyingine.

"Kama tumefika," Mama aliliambia beseni, "mbona sioni hospitali?"

Isaiah alijaribu kulegeza vidole, vikakataa. Akaona kwamba amekwisha. Hapakuwa na Ivyne wa kuzunguka upande wa pili, hapakuwa na petroli stesheni. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aoe hakuongea na ukuta.

"Mama, mimi siendeshi gari. Naogopa. Siku zote ni Ivyne."

Wiper zilikwenda, zikarudi.

"Siku zote zipi?"

"Zote. Tunabadilishana pale Chavakali."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

"Hata tulipomzika shemeji, na matope yale?"

"Hata hapo."

"Ala!" Mama Ochola alisema. "Na mimi nimekusifu kanisani, mbele ya mchungaji! Kumbe nimekuwa nikidanganya watu wa Mungu?"

"Nisamehe, Mama."

Hakusema amemsamehe. Alivuta pumzi ndefu, na aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nyepesi, karibu ya furaha. "Basi turudi."

"Turudi?"

"Si unaona mwenyewe? Mvua imekataa, gari limekataa, dereva amekataa. Mungu ameonyesha. Turudi, Ajwang atanipikia uji. Hospitali haihami."

Isaiah nusura amshukuru, tusimsingizie ushujaa. Kitu kama maji ya moto kilimshuka kifuani: angegeuza, angejikokota hadi Uthiru, Ivyne angekasirika siku mbili tatu, mambo yangepita. Lakini ile sauti aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ndivyo alivyosema kila Jumamosi, akiizima injini, kwamba leo haisikiki vizuri, ataiangalia wiki ijayo. Na hiyo wiki ijayo ilikuwa haijawahi kufika.

Akatoa mkono mmoja kwenye usukani. Ulitoka kwa shida, kidole baada ya kidole. Akakishusha kile kioo cha juu, akatazama.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake vizuri. Ulikuwa uso wa Ivyne, umezeeka, na ulikuwa unalia. Alikuwa ameuma ncha ya leso ili asisikike.

"Mama, unaogopa," alisema.

Mama Ochola aliona anatazamwa, na hakugeuza uso. "Wanakata mfupa na msumeno, Isaiah," alisema. Jina lake hakuwahi kulitaja. "Na msumeno, kama fundi wa mbao! Ajwang amenionyesha kwenye simu. Wananilaza, wananikata, halafu wanasema nitaamka. Nani amewaambia nitaamka?"

Hapo mkwe mwingine angesema maneno matamu. Isaiah alikuwa amechoka kudanganya. "Sijui," alisema. "Mimi hata sijui kama tutafika."

Akamwona anafuta macho, na kama si kilio angedhani amecheka.

"Nikirudi leo," Mama alisema, "sitakuja tena. Najijua. Nitasema mvua, nitasema mahindi, nitasema chochote. Nitakaa kwenye kiti mpaka nife."

"Mimi nina gari miaka sita sijaliendesha," Isaiah akajibu. "Najijua pia."

Utingo wa basi la nyuma alikuwa ameshuka kwenye mvua, anapigapiga bodi la gari. "Mzee, umepaki ama umeokoka? Songa!"

Kioo cha nyuma kilikuwa kimefunikwa na mvuke, hakionyeshi kitu. "Mama," Isaiah aliita, "nyuma kuna nini?"

Na yule mama mwenye nyonga mbovu akajipindua pale kitini, akaguna kwa maumivu, akapangusa kioo kwa leso. "Basi. La kijani, kubwa. Dereva anatutukana."

"Amesimama?"

"Amesimama. Pembeni yake kuna pikipiki. Ngoja. Ngoja kwanza... Imepita. Sasa! Enda! Enda!"

Akaenda. Hakwenda vizuri, gari liliruka kama mbuzi, likakaa kwenye leni. Lakini lilikwenda, na lilikuwa leni ya kushoto, ya kwenda mjini. Nyuma, Mama Ochola alikaa amejipindua vile vile na kuanza kutangaza. Pikipiki kushoto! Huyo mwenye pikapu hana adabu, mwache apite! Hapa hakuna mtu, ingia! Wakapita Westlands hivyo, wakateremka Museum Hill hivyo. Isaiah alikuwa bado anaogopa, usiniulize lini aliacha kuogopa. Aliogopa kila mita. Ila sasa alikuwa na kazi ya kufanya kwa wakati huo huo, na mtu wa kumjibu.

Kwenye raundabauti ya Uhuru Highway taa ilikuwa nyekundu, naye akasimama barabara kabisa, kama alivyofundishwa. Polisi aliyekuwa katikati na koti lake la mvua akampungia mkono aende. Isaiah akatazama taa. Nyekundu. Akatazama polisi. Anapunga. Kwenye ubao wa mtihani hapakuwa na polisi anayeita watu chini ya taa nyekundu. Honi zikaanza. Polisi akaja, akagonga boneti kwa kiganja.

"Baba, mimi ndiyo taa! Twende!"

"Twende," Mama alisema kutoka nyuma. "Umesikia, yeye ndiyo taa."

Wakazunguka, wakakata kulia kupanda Upper Hill, na lango la hospitali likaonekana. Isaiah alisimamisha gari mbele ya mlango, gurudumu moja juu ya ukingo. Akazima injini.

Kiti cha magurudumu kililetwa, lakini aliyekileta alikuwa msichana mwembamba, na nyonga ya Mama ilikuwa imekaza kwa kule kujipindua. Hakuweza kushuka. Isaiah alisimama kwenye mvua, mikono ubavuni, anatazama chini. Akaona mkono umenyooshwa mbele yake, umekunjamana, una pete iliyochakaa.

"Shika," Mama Ochola alisema. "Wazee wakiuliza, nitajibu mimi."

Akamshika. Akamwinua, akamweka kwenye kiti, na alipotaka kuuachia ule mkono, Mama hakuuachia. Ikabidi atembee ubavuni mwa kiti, ameinama kidogo, mpaka mapokezi.

"Umechelewa sana, mama," muuguzi alisema. "Nilikuwa naenda kumwita mwingine. Nani amekuleta?"

"Mkwe wangu huyu," Mama Ochola akasema, na kwa vile alikuwa na sauti ya kwaya, benchi zima likasikia. "Hajui kuendesha. Lakini amenileta."

Watu wakacheka. Isaiah aliona haya, masikio yakamchoma, akatafuta pa kuficha uso asipaone. Kisha akashangaa kwamba haya yenyewe ilipita upesi, na bado alikuwa amesimama pale pale.

Wakamsukuma Mama kupitia korido ndefu hadi kwenye mlango mpana. "Jamaa wa mgonjwa mwisho hapa," muuguzi akasema. Mama Ochola akalishika gurudumu kwa mkono wake mwingine, kiti kikakwama.

"Ngoja kwanza. Nani atanirudisha?"

"Ivyne atakuwa amelala, amepumzika," Isaiah alianza, "kwa hiyo Ivyne..."

"Ivyne sijamtaja."

Isaiah aliziona zile leni zote, na lile lori, na ile barabara inayopanda. Zote zilikuwa bado huko nje, zinamngoja.

"Mimi," alisema. "Nitakuja mimi."

"Umenidanganya mara nyingi."

"Mara nyingi, Mama."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa sana. Lakini nitakuja."

Mama yake Ivyne alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa muda.

"Mimi pia naogopa sana," alisema, akauachia mkono wake, akaliachia na gurudumu. "Haya, nisukumeni."